Mama Sidii na Harusi ya Binti wa Kinyozi

Mtaani kwetu shangazi yangu anaitwa Mama Sidii, na wengi hawajui kama ana jina lingine. Ukiuliza jina lake la kuzaliwa watakukodolea macho. Ukiuliza kwa Mama Sidii, hata mtoto anayetambaa atakunyooshea kidole: mlango wa bluu, dirisha la nondo, na ndani ya dirisha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi aliyejitanda.

Kazi yake ni kupiga video kwenye harusi na kuzichoma kwenye diski, hizo ambazo watu huziita sidii, ili watu wakaangalie kwenye televisheni zao. Hakusomea. Kamera aliachiwa na marehemu mume wake. Kompyuta aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ikaja na vumbi lake pamoja na picha za familia ya huyo mtu, ambazo hadi leo hajazifuta kwa sababu anasema si zake kufuta. Alijifundisha kwa kubonyeza. Akibonyeza kitu kikaharibika, anakumbuka asikibonyeze tena. Ndivyo nilivyomkuta nilipoacha shule nikaja kukaa kwake. Mimi siongei sana, yeye anaongea kwa wawili, basi tunaishi vizuri. Ananiita Kimya.

Kuna mzee anakaa nyumba ya pili kutoka kwenye kona, tunamwita Kinyozi. Amenyoa vichwa vya akina baba na vya watoto wao, hadi macho yalipoanza kuziba. Jicho moja lilikwisha kabisa. La pili linaona kitu kikiwa kikubwa, kina mwanga, naye akikisogelea karibu mno. Binti yake wa pekee aliolewa kwa wakwe wa mbali, na daktari akamkataza mzee safari ile, akisema mitikisiko ya barabara itamalizia jicho. Harusi ya mwanawe akaikosa hivyo hivyo. Aliyekwenda ni shangazi na kamera yake. Mzee alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Nenda ukaniangalizie."

Haukupita muda, hospitali ikamwita. Jicho lile lililobaki lipasuliwe. Daktari hakumficha: linaweza kurudi, linaweza kuzima moja kwa moja. Mzee akasema sawa, atakwenda, lakini hapandi gari kabla hajamwona mwanawe akiwa bi harusi. Na gari lilikuwa linakuja mchana wa siku hiyo hiyo.

Hicho ndicho kilichokuwa mezani kwetu asubuhi ile.

Lazima nieleze jambo moja la nyuma kidogo. Zamani shangazi alikuwa akiandika majina juu ya diski kwa maka peni. Siku moja majina yakafutika kwa jasho la vidole, akachanganya harusi mbili. Mama mmoja akaalika majirani, akawakaribisha vinywaji, wakakaa kuangalia harusi ya watu wasiowajua. Kwa adabu walingoja, wakidhani ndugu zao watatokea mbele. Walifika hadi kwenye kukata keki ndipo bibi mmoja akauliza, "Hivi sisi tuko wapi humu?" Shangazi alitukanwa wiki nzima. Akaapa kwamba hakuna tena diski itakayoingia kwenye kompyuta yake bila sura za wenyewe kubandikwa juu.

Kwa harusi ya binti wa Kinyozi ndipo alipoanza. Alichapisha picha ya maharusi kwenye karatasi nzito, akaikata kwa mkasi, akaibandika kwa gundi juu ya kila diski kabla haijachomwa. Jioni nzima alikuwa kwenye hiyo kazi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Zilipendeza kweli. Moja tu ilibaki tupu, kwa kuwa mkasi ulimteleza ukamkata bi harusi shingo, na shangazi akasema hawezi kumpelekea mzee mwanawe bila kichwa.

Basi asubuhi akaweka diski ya kwanza. Mstari wa kijani ukatembea kwenye kioo vizuri tu, ukapita nusu, ukakaribia mwisho. Kisha kisanduku kikaruka katikati ya kioo na maneno mekundu, na trei ikatoka yenyewe na diski juu yake, kama mtoto anayekutolea ulimi.

"Haya," shangazi akasema. "Imeamka vibaya leo."

Akaweka ya pili. Ikatembea, ikafika palepale karibu na mwisho, ikafa.

Diski tunazotumia zinaandikwa mara moja tu. Ikikatika njiani ni ya kutupa, au ya kutundika shambani kufukuza ndege. Niliangalia zilizobaki kwenye kopo lake, nikamwangalia shangazi. Alikuwa anazihesabu kwa kidole, moja moja.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bi harusi mwenyewe, aliyerudi na mumewe kumpeleka mzee hospitali; sasa amekuja kuchukua diski ya baba yake. Pete ilikuwa bado ngeni kidoleni, anaizungushazungusha.

"Shikamoo, Shangazi. Iko tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

"Nikae?" Akatazama kioo, akaona maneno mekundu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mashine inadeka."

"Shangazi, baba ameshaoga. Amevaa na koti. Amekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, haijawashwa hata."

Shangazi alimpa kiti, akaniambia nikamwite Injinia.

Injinia ni jirani yetu anayetengeneza pasi na redio. Cheo hicho alipewa kwa utani, naye akakipokea kwa uzito. Alikuja na bisibisi sikioni.

"Dada, hicho ni kirusi," alisema kabla hajakaa.

"Kirusi kinachongoja diski ifike mwisho ndipo king'ate?"

"Kuna virusi vya aina hiyo. Vina subira."

"Injinia, sina muda wa hadithi."

"Haya, funga vitu vyote vilivyo wazi. Huu muziki unapiga wa nini? Kompyuta ina kichwa kimoja, unaipa kazi tatu."

Hapo alisema kweli. Shangazi akazima muziki, akafunga picha, akafunga kila dirisha la kwenye kioo, ikabaki programu ya kuchomea peke yake. Injinia akasafisha trei kwa pamba kavu, akapuliza vumbi. Wakaweka diski nyingine. Bi harusi alisimama nyuma ya shangazi, mikono yote miwili mdomoni. Mstari ukatembea. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya meza, karibu na glasi ya shangazi ya chai iliyopoa, yenye kijiko ndani.

Mstari ulipokaribia mwisho, kile kijiko kikaanza kulia. Kidogo sana, ti-ti-ti-ti, kikigonga ukingo wa glasi. Kisha maneno mekundu. Kisha ulimi.

"Diski zako feki hizo," Injinia akasema.

"Ni zile zile ninazonunua siku zote, kwa mtu yule yule."

"Basi ameanza ufeki."

"Tumpelekee kompyuta yenyewe," bi harusi akasema. Sauti ilishapanda. "Tuibebe wote, ni hapo tu!"

"Hii ukiisogeza kufagia chini yake inanuna, haiwaki hadi ipende. Ikigoma huko njiani tutakuwa tumekosa vyote."

"Flashi je?"

"Deki ya baba yako ina tundu la flashi?"

"Haina." Akakaa chini. "Na simu ameshakataa. Mume wangu alimpa ya kwake jana aangalie picha, akasema harusi ya mwanawe haiangalii kwenye kiberiti. Ukweli ni kwamba hakuona kitu, Shangazi. Aliona aibu kusema."

Injinia akashika mausi. "Mimi nasema ikopi tu hiyo filamu kama ilivyo, itupie kwenye diski, usiisumbue."

"Ondoa mkono. Nilifanya hivyo nilipokuwa naanza, deki za watu zikaniambia hakuna diski. Deki haijui faili. Inataka ipikiwe, iwekewe kwenye sahani." Akageuka, akanitazama. "Kimya. Wewe umekaa hapo muda wote. Umeona nini?"

Sikupenda kutazamwa na watu watatu. "Kijiko, Shangazi."

"Kijiko kimefanya nini?"

"Kinalia mwishoni. Ikikaribia kufa, kinalia. Zamani hakikuwa kinalia."

Injinia akacheka. "Dada, sasa tunatibu vijiko."

Shangazi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta kama anayempima mtoto homa, kisha akaitazama diski iliyokuwa kwenye ulimi wa trei, na sura za maharusi zikimtazama. Akaitoa. Akachukua penseli, akaipitisha kwenye tundu la katikati, akailaza penseli na kuizungusha diski kwa kidole. Ikazunguka, ikasita, ikarudi nyuma kidogo, ikasimama bwana harusi akiwa chini. Akaizungusha tena. Ikasimama palepale, bwana harusi chini.

Akachukua ile moja tupu, akaifanyia hivyo hivyo. Ikazunguka, ikasimama popote ilipotaka.

"Bwana harusi mzito," shangazi akasema polepole.

Bi harusi alicheka.

"Ni karatasi," shangazi akaendelea, na sasa alikuwa anajisemea mwenyewe. "Ni mimi na mkasi wangu. Nimeibandika nzito, na haikukaa katikati. Mwanzoni, ikiandika karibu na tundu, inazunguka taratibu, inavumilia. Ikikaribia ukingoni mashine inakimbia, diski inayumba, kile kijicho cha ndani kinachoandika kinapoteza njia. Nimeua diski zote kwa mapambo."

"Tuzibandue!" Injinia akasema, na kabla hajazuiwa alishaingiza ukucha chini ya karatasi ya diski ya mwisho yenye picha. Karatasi ikatoka, na ule uso wa fedha wa diski ukatoka nayo, vidole vyake vikaonekana upande wa pili kama dirishani.

"Umefanya nini wewe baba!"

"Samahani, dada."

Ikawa imebaki moja. Ile tupu, ya bi harusi aliyekatwa shingo. Shangazi aliishika kwa kingo zake kwa vidole viwili.

"Weka spidi ya juu, dada. Gari litafika sasa hivi."

"Ya chini," shangazi akasema. "Hii ikifa sina nyingine. Duka la diski ni mjini."

"Kwa spidi ya chini harusi nzima haitawahi gari. Hata mtoto anajua."

Injinia naye alikuwa sahihi. Nilimwona shangazi akifumba macho. Alipoyafumbua alimgeukia bi harusi.

"Mwanangu, siwezi kumpa baba yako harusi nzima. Naweza kumpa kipande. Kifupi, kichomwe taratibu, kifike. Chagua."

"Nichague?" Bi harusi akatazama kila upande. "Sijui. Kuingia? Hapana. Pete... Shangazi, sijui, usiniulize mimi!"

"Nimuulize nani? Ni baba yako."

Pete ikazungushwa kidoleni, ikazungushwa. "Kuna pale nilipogeuka," akasema mwishowe. "Tulipokuwa tumesimama wote, watu wanapiga vigelegele, nikageuka."

"Napakumbuka. Uliniangalia kwa muda, nikadhani una shida."

"Sikukuangalia wewe."

Shangazi alivuta kiti, akakaa, akaanza kukata. Vidole vyake vilijua njia. Akatafuta pale, akakata mbele, akakata nyuma, akaiacha programu ipike kile kipande kwa namna deki inavyokielewa. Akaniambia nichomoe friji, kwa sababu likianza kunguruma taa zetu huwa zinafifia. Nikachomoa na feni. Joto likatukalia kichwani. Akaondoa glasi ya chai mezani, akaweka diski kwenye trei, akachagua spidi ya chini kabisa.

"Asitembee mtu," akasema.

Mstari wa kijani ukaanza. Kipande kilikuwa kifupi, lakini mstari ulitambaa kama konokono mgonjwa. Injinia alisimama na mguu mmoja mbele, alivyokuwa amesimama alipoambiwa, akaogopa kuushusha mwingine vizuri. Nilisikiliza sanduku. Lilikuwa linanong'ona tu, sauti moja.

Honi ikalia nje.

Bwana harusi ndiye aliyekuja na gari. Akaingia akihema, funguo mkononi. "Mama Sidii, shikamoo. Mke wangu, twende. Hospitali wamepiga simu tena."

"Usikanyage kwa nguvu!" tukamwambia karibu wote, hata mimi.

Akaganda mlangoni. "Kuna nini?"

"Harusi yako iko pale ndani," Injinia akamnong'oneza. "Ukikohoa inakufa."

"Daktari hangoji, jamani."

"Na mkweo hapandi gari bila hii," shangazi akasema bila kugeuka.

"Kwa nini msimwambie tu ataiona akirudi?"

Bi harusi akamtazama mumewe. "Kamwambie wewe," akasema. "Mwangalie usoni umwambie ataiona akirudi."

Yule kijana akatazama chini. Hakurudi garini. Alisimama nasi.

Mstari ulipita pale ambapo wenzake walifia. Kwa kuwa kipande kilikuwa kifupi, pale palikuwa hata si ukingoni mwa diski, lakini mioyo yetu haikujua hilo. Ukafika mwisho. Kioo kikaandika mia kwa mia. Bi harusi akapiga ukelele, na Injinia, kwa furaha, akapeleka kidole kwenye kitufe cha trei.

Shangazi alimpiga kofi la mkono ambalo lilisikika hadi barabarani.

"Imeisha, dada!"

"Haijaisha! Imemaliza kuandika, sasa inafunga. Ukiitoa haijafungwa deki haiisomi. Hujui kama nyumba isiyofungwa mlango si nyumba?"

Taa ndogo ya trei iliendelea kupepesa. Ilipepesa, ilipepesa. Honi ya gari lingine ikalia huko barabarani, bwana harusi akashtuka kana kwamba ni daktari. Kisha taa ikazimika, na trei ikatoka yenyewe, polepole, bila maneno mekundu.

Hatukuijaribu. Shangazi siku zote hujaribu, siku ile hakujaribu. Aliichukua kwa kingo, akaiweka ndani ya kanga yake kifuani, tukakimbia. Injinia akabaki mlangoni anapuliza mkono wake.

Kinyozi alikuwa amekaa kama binti yake alivyosema. Koti, viatu, begi dogo miguuni. Pua ilikuwa karibu kugusa kioo cha televisheni.

"Mmekuja?" akauliza. "Nimesikia miguu mingi."

"Tumekuja, kaka," shangazi akasema. Akapiga magoti mbele ya deki, akaweka diski.

Deki ikaivuta. Ikazunguka. Kioo kilikuwa cheusi, na mzee akauliza, "Tayari imeanza?" Binti yake alimshika bega. Deki ikatoa sauti ya kukwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Shangazi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kabati la televisheni, kama mtu anayesali au mtu aliyechoka, sijui.

Kisha vigelegele vikalipuka chumba kizima.

Maharusi walikuwa wamesimama wote, nguo zinang'aa, watu nyuma yao. Bi harusi akageuka. Akatazama moja kwa moja, kwa muda mrefu, na kwenye kioo kile sura yake ilikuwa kubwa karibu kama ilivyo. Mzee alifumba jicho lililokufa. Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa koti.

"Rudisha," akasema.

Shangazi akarudisha. Bi harusi akageuka tena.

"Rudisha."

Kwa mara ya tatu aliangalia hadi mwisho wa kipande, hadi picha ilipokatika. Akakaa wima. Hakulia. Nilidhani hakuona, na nikamwona shangazi naye anadhani hivyo hivyo.

"Huyu bwana harusi," Kinyozi akasema, "kanyolewa na nani?"

Mkwe wake akashika kisogo. "Ni... ni kule kwetu, mzee."

"Wamekuachia ngazi nyuma ya sikio. Siku ya harusi! Mtu unaweza kupanda ukachuma nazi."

Binti yake alicheka na kulia pamoja, akamwangukia shingoni, mzee anamwambia aache kumkunja koti. Bwana harusi alichukua begi. Pale mlangoni Kinyozi alisimama, akapapasa hadi akaupata mkono wa shangazi.

"Imeishia pale tu?"

"Kimebaki kingi, kaka. Nimekuletea kipande."

"Kilichobaki kitengeneze," akasema, akapanda gari.

Likaondoka. Shangazi alisimama barabarani hadi vumbi likatua. Tulirudi nyumbani. Nikachomeka friji. Yeye akavaa viatu vya kutokea, akaenda mjini, akarudi na diski mpya kwenye mfuko, tupu zote, hakuna karatasi wala gundi. Akaandika jina juu ya mojawapo kwa maka peni, herufi kubwa kwa ajili ya mtu asiyeona vizuri. Habari za hospitali zilikuwa bado hazijafika, wala hakuna aliyejua zingekuwa za namna gani.

"Shangazi," nikasema, "na kama..."

"Ameagiza kazi," akanijibu. "Imeagizwa, inafanywa."

Akafungua harusi nzima kuanzia kuingia ukumbini hadi watu wa mwisho kuondoka, akaweka spidi ya chini kabisa, akavuta kiti, akakaa kuiangalia.